Punje Isiyouma

Mchesi, Lilongwe
Jumamosi, 13 Januari 2024

Yaya Sylvie,

Kabla sijakusalimia, dada yangu, jua kwanza unaandikiwa na nani. Unaandikiwa na mwanaume anayeivalisha suruali nusu ya Lilongwe. Nusu nyingine inatembea uchi, inaningoja. Juzi mheshimiwa mmoja, jina lake siwezi kulitaja, alishuka kwenye gari jeusi hapa kwa Patro Zénon, bosi wetu, akawapita mafundi wanne wazima, akanisimamia mi: "Achimwene, nasikia we njo ile mikono." Nikampima kwa macho tu, mita sikugusa. Suruali ilimkaa mpaka akaomba kiti, apumue furaha.

Patro Zénon ukimuuliza atasema mheshimiwa alikuwa dereva wa lori, na kiti aliomba kwa sababu suruali ilibana. Usimsikilize. Mzee ana wivu, na macho yake yamechoka.

Barua yako nimeipata kwa Épitace, imelala katikati ya marobota yake ya kaunjika, zile nguo za mitumba, inanuka viatu vya watu. Tuendelee hivyo hivyo, aje nazo kila anapoleta nguo sokoni. Simu ya Mama Carelle sitaki tena. Nikikupigia we, jirani yako njo anapokea, njo anajibu, na ukifika anakaa karibu kuchota maneno. Mwezi uliopita nilikohoa mara moja kwenye simu. Kesho yake kanisa zima linaombea kifua changu.

Sasa lile kubwa. Épitace anasema majina yamebandikwa ubaoni na sisi tuko: we, mtoto wako Annie, na mi. Interview mwezi wa nne. Yaya, miaka minane kambini Dzaleka, na sasa dosiye yetu, faili la kuhamishwa, imeamka. Nimeshaanza kujishonea koti la baridi, vifungo vinane. Canada itanipokea imesimama.

Msalimie Annie. Mwambie mjomba wake anamtafutia kofia.

Mi, asiye na mfano,
Noël

*

Dzaleka
27 Januari 2024

Noël mdogo wangu,

Kurasa mbili, makosa kumi na sita, na hapo nimehesabu kwa huruma. Shule uliyoikimbia kidato cha pili bado inakutafuta. Lakini umenichekesha, na nilikuwa na haja ya kucheka.

Nina neno, na likae kwako. Wiki ya Noeli, Annie alisinzia kanisani akaniegemea, kichwa chake kikagonga titi langu la kushoto. Nikasikia kama kuna kitu ndani kimegongwa. Nyumbani nikafunga mlango, nikatafuta kwa vidole. Kipo. Upande wa juu, kuelekea kwapani. Kama punje ya haragi. Kigumu, na ukikisukuma hakikimbii.

Hakiumi, Noël. Njo maana nilikaa wiki nne nimenyamaza. Nilijiambia kinachoua kinauma. Nikamuuliza mama mmoja wa kwaya, nikijifanya ni habari ya mtu mwingine, akasema ni maziwa yaliyolala. Annie ana miaka tisa. Ni maziwa gani hayo ya kulala miaka saba?

Jumatatu nikajikaza, nikaenda kituo cha afya. Nesi alinishika kwa muda mrefu, kisha akawa mpole ghafla. Huo upole ndio ulionitisha. Ameniandikia barua ya kwenda hospitali Lilongwe, wanipige picha na wachukue kipande kwa sindano. Ni tarehe 14 mwezi wa pili. Waliniomba namba ya simu ya kunipatia majibu. Niliandikisha yako. Ingekuwa ya Mama Carelle, majibu yangesomwa kwenye bomba la maji kabla hayajafika kwangu.

Na kuna lingine. Unamkumbuka Narcisse, yule fundi wa redio? Alikohoa mbele ya dokta wa safari. Wenzake wote waliondoka, yeye mpaka leo yuko hapa anatengeneza redio. Bantu wa hapa kambini wanasema dosiye ya mgonjwa inarudishwa chini kabisa. Interview yetu ni Aprili. Naogopa mambo mawili kwa wakati mmoja, na sijui lipi ni kubwa.

Dada yako,
Sylvie

*

Mchesi
3 Februari 2024

Yaya,

Haragi moja? Mwanamke aliyetoka Bukavu na mtoto mgongoni, na mi mkononi nalilia viatu, leo aangushwe na haragi moja? Tungekuwa tunaangushwa na haragi, Dzaleka ingekuwa imeisha zamani. Kila siku tunakula mia mbili kila mtu.

We njoo. Tarehe 14 nitakungoja pale minibasi zinaposhusha. Madokta niachie mi, kizungu changu kinawatoa jasho. Nitawaambia "my sister, quick, quick," na mlango utafunguka.

Nilimuuliza Patro Zénon, bila kutaja jina, kama anajua kitu kigumu ndani ya titi ni nini. Aliweka mkasi chini. Kisha akauchukua tena, akaendelea kukata. Nimekwambia, mzee amechoka.

Nesi kuwa mpole njo kazi yake. Usisome kila kitu kama mwalimu.

Koti limefika kwenye mabega. Mabega yangu, unajua, yanakula kitambaa.

Noël

*

Dzaleka
24 Februari 2024

Noël,

Asante kwa kunisindikiza. Nitaficha kwamba ile "quick, quick" uliwaambia walinzi wa getini, na kwamba sindano ilipotolewa tu ulikumbuka kuna mtu unamsalimia nje. Nilikuona kwenye dirisha. Ulikuwa umeegemea ukuta, umeshika magoti. Hakukuwa na mtu wa kusalimiwa.

Sikukasirika. Nilitamani na mi nitoke.

Kwa kuwa hukuwepo, nakuandikia aliyoyasema yule nesi wa miwani. Nilimuuliza mbona hakiumi. Akasema wanawake wengi wanadanganywa hapo hapo: uvimbe wa namna hii mwanzoni hauumi. Mtu anapika, anafua, anaimba, na wenyewe unakua. Maumivu yakija, mara nyingi yamekuja kuzika. Akaniinua mkono, akatafuta kwapani kwa vidole viwili, akasema, "Huku ni safi. Tushukuru."

Nikamuuliza, kama ni ule ugonjwa wenyewe, mtu anapona? Hakunipamba. Alisema inategemea umeukuta wapi. Ukiukuta bado mdogo, haujafika kwapani, ukakatwa mapema na dawa zikafuatwa mpaka mwisho, wengi wanaishi na kulea wajukuu. "Sisi hapa," akasema, "kinachotuulia wanawake sana ni kuchelewa. Wanakuja wakati nyumba imeshashika moto mpaka paa."

Majibu ni baada ya wiki tatu au nne. Watapiga kwako. Wakipiga, niletee siku ile ile, hata kwa baiskeli ya kabaza, hata kwa miguu. Na kama ni baya usilipambe. Wewe unapamba kila kitu.

Darasani nafundisha batoto kuhesabu, na mkono wangu wa kulia unapanda wenyewe kwenda kutafuta ile punje. Juzi katoto kamoja kakaniuliza, "Madamu, unatafuta nini humo?"

Sylvie

*

Mchesi
23 Machi 2024

Yaya Sylvie,

Leo nimeshona makanzu sita ya kwaya kabla ya chakula cha mchana. Patro alihesabu mara mbili, akadhani ameanza kuona mara mbili mbili.

Hospitali walipiga. Tulia, hakuna jambo. Wanasema mashine ya kuangalia kile kipande iko na shida, wametuma kipande sehemu nyingine, tusubiri mpaka baada ya Pasaka. Watapiga tena. Usije bure, usisumbue bantu kuomba ruhusa ya kutoka kambini. Na mi nadhani kama ingekuwa kitu kibaya wangekimbia. Kitu kibaya hakisubiri Pasaka.

Halafu fikiri kidogo. Interview yako ni tarehe 9 Aprili, yangu itafuata baadaye. Ukiingia pale mikono mitupu, bila karatasi ya ugonjwa, hakuna wa kukuuliza. Tupite kwanza. Kule Canada haragi kama hiyo wanaitoa kabla ya kunywa chai. Usiseme uongo, usiseme tu. Umenielewa.

Nakutumia blauzi kwa Épitace. Nimeishona kwa mikono yangu, kitenge kile cha ndege unachokipenda. Chini ya kwapa nimeacha upana, hata ukiinua mkono hakuna atakayeona kitu. Ivae siku hiyo.

Usiogope. Mi niko.

Noël

*

Dzaleka
13 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Interview imepita. Walikuwa wawili, mwanamke na mkalimani. Waliuliza njia tuliyopita, waliuliza baba yake Annie alifia wapi, waliuliza na wewe, nikasema ni fundi mwenye adabu, Mungu anisamehe. Mwishoni yule mwanamke akauliza, "Kuna mgonjwa nyumbani?" Blauzi yako ilikuwa imelowa mgongoni. Nikasema hapana.

Alitabasamu akaandika. Nikamtazama anavyoandika ule uongo kwa mwandiko mzuri.

Noël, punje si punje tena. Imekuwa kama gololi kubwa ya kuchezea. Na wiki hii nilijitazama kwenye kioo cha Annie: nikiinua mkono, ngozi ya juu yake inaingia ndani, kijishimo, kama mtu amevuta uzi kwa upande wa pili. Chuchu nayo imeanza kuangalia ndani. Wewe unajua kitambaa kikivutwa na uzi mmoja kinavyokunjamana. Ni hivyo.

Bado haiumi. Siku hizi natamani ingeuma, ningejua iko wapi nikiwa nimelala.

Pasaka imepita tangu wiki mbili. Wamepiga? Kama hawajapiga, wapigie wewe. Au nenda, ni mwendo mfupi kutoka Mchesi, useme jina langu dirishani. Usiwe na haya kwa sababu ya ile siku ya sindano.

Nakuomba kama sijawahi kukuomba kitu.

Sylvie

*

Mchesi
27 Aprili 2024

Yaya,

Simu yangu iliangukia kwenye beseni la maji ya kufulia, laini imekufa. Nimechukua nyingine. Nitapita hospitali nikipata nafasi, sasa hivi kuna harusi mbili na Patro amebanwa mgongo. Hospitali pia wana bantu wengi, haiko we peke yako.

Hicho kishimo pengine ni kukonda. Umekonda, nilikuona. Kula.

Koti limebaki vifungo tu.

Noël

*

Dzaleka
8 Juni 2024

Noël,

Sikukungoja. Mwezi wa tano mwishoni nilikuwa naandika ubaoni, mkono juu, nikasikia kitu kimebana kwapani. Nikaweka chaki chini. Punje ya pili. Wewe ulisikia habari za punje kwenye barua, mi niliikuta mbele ya batoto thelathini wanaimba herufi.

Nikaomba ruhusa ya kutoka, nikaipata Jumanne, Jumatano nikapanda minibasi peke yangu. Sikupita Mchesi. Sikutaka unichekeshe.

Yule nesi wa miwani alinikumbuka. Hakusema karibu. Alisema, "Mama, ulikuwa wapi?" Nikamwambia nilikuwa nangoja mashine itengenezwe. Akaniangalia. Akafungua daftari kubwa, akaweka kidole kwenye jina langu. Hakuna mashine iliyoharibika. Majibu yalitoka mwezi wa tatu. Walipiga simu tarehe 18 Machi, mwanaume akapokea. Walipiga tena tarehe 25, mwanaume akapokea, akasema mgonjwa amehamia nchi nyingine. Baada ya hapo namba haikupatikana.

Ni ugonjwa wenyewe. Ulikuwa ule wenyewe tangu Machi.

Dokta amenieleza vizuri, kwa kuchora. Sasa hawawezi kuanza kwa kukata, kwa sababu umeshaingia kwapani. Nitaanza na dripu, kila baada ya wiki tatu, mara nyingi. Nywele zitaondoka. Kisha watakata. Kisha kutakuwa na dawa nyingine. Alisema wanaoacha katikati kwa kuchoka au kwa kukosa mtu wa kuwasindikiza ndio wanaopotea haraka, kwa hiyo nitafute mtu. Nikamuuliza, na kama ningekuja Machi? Alisema maswali ya namna hiyo hayasaidii. Nikamwambia mi ni mwalimu, nijibu. Akasema, "Machi ulikuwa mdogo na kwapa lilikuwa safi. Ningekuwa nakwambia maneno mepesi zaidi. Sasa tunapigana, na bado inawezekana, ila tumeanza tukiwa nyuma."

Nimekuwa najifunza kusema jambo hili kwa Annie. Najisemea kwa sauti ndogo nikichagua mchele. Sijaweza kufika mwisho wa sentensi.

Sasa nisikilize. Nilimwambia yule nesi kwamba walikosea namba. Nilisema ndugu yangu namfahamu, nimemlea tangu ana miaka sita, ana mdomo mkubwa lakini hili hawezi. Nilisema huyo mwanaume ni mtu baki. Nikamwomba aandike kwenye daftari lake: namba ilikosewa. Akaandika mbele yangu.

Niandikie mstari mmoja tu. Sema ni kweli walikosea. Dripu ya kwanza ni Jumatano tarehe 19, na nataka niingie mle ndani nikiwa na jambo moja ambalo siogopi.

Dada yako,
Sylvie

*

Mchesi
15 Juni 2024

Yaya Sylvie,

Nimeanza barua hii mara tano. Nne za kwanza zilikuwa na mheshimiwa ndani.

Épitace nimemwambia aikabidhi mkononi mwako na asubiri mpaka umalize kusoma. Hajui kuna nini.

Jumatatu nilifanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya Januari. Nilipanda minibasi mpaka kwenye ofisi ya wale wa safari, nikapanga foleni, nikamuuliza karani mmoja: mtu akikutwa na ugonjwa wa titi, dosiye yake inakufa? Akanishangaa. Akasema haifi, wanaandika tu kwamba mtu anatibiwa, asafiri akiweza. Nikamuuliza na Narcisse? Akasema Narcisse ni mambo mengine kabisa, na si mambo yangu. Nilitoka pale nikakaa kwenye tofali barabarani mpaka kabaza tatu zikasimama kuniuliza kama naumwa.

Patro Zénon nimemwambia yote. Nilidhani atanifukuza. Alikaa, akasema mke wake wa kwanza, kule Burundi, alianza hivyo hivyo, kitu kidogo kisichouma, na yeye njo alimwambia asubiri mavuno yaishe. Miaka yote nafanya kazi hapa sikujua alikuwa na mke wa kwanza. Siku ile nilipomuuliza njo ile aliyoweka mkasi chini. Mi nikakuandikia kwamba mzee amechoka.

Nitakuja Jumanne kukuchukua. Jumatano nitakaa na we mle ndani, kwenye kiti, si kwenye ukuta wa nje. Na baada ya wiki tatu tena, na baada ya tatu tena, mpaka zile zote ziishe. Kama hutaki kuniona, nitakaa kiti cha nyuma yako, usigeuke. Annie atalala kwa Mama Carelle siku hizo. Nilimpigia jana kumwomba, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kwa nini.

Koti nimelifumua. Kile kitambaa laini cha ndani nimekushonea kilemba, cha kuvaa nywele zikianza kuondoka. Mishono iko ndani kabisa, haitakukwaruza. Épitace anacho kwenye mfuko wa karatasi. Siyo kazi nzuri sana.

Ule mstari mmoja ulioomba nimeutafuta wiki nzima. Ningeweza kuuandika, unajua naweza. Ungeuamini, au ungejilazimisha, na Jumatano ungeingia mle ukiwa umeushika. Lakini nesi anajua, na daftari lake sasa lina uongo kwa ajili yangu, umeuweka we kwa mdomo wako, we uliyenichapa nilipoiba ndizi moja pale Bukavu.

Yaya, hawakukosea namba. Laini haikuangukia kwenye maji, niliitoa mwenyewe nikaivunja kwa meno. Tarehe 18 Machi nilikuwa kwenye cherehani, nimeshika mkono wa kushoto wa ile blauzi yako ya ndege. Yule mama akasema kwa Chichewa, polepole, ili nielewe: mlete dada yako Alhamisi, tarehe 21, saa mbili asubuhi, na asije peke yake. Nilielewa kila neno. Nilimwambia zikomo, asante. Kisha nikamalizia mkono wa blauzi, nikaacha upana chini ya kwapa.

Noël